UFA UPI UZIBWE KWANZA?
Thamani ya daftari la matengenezo kwa chama cha msingi



Methali isemayo "Usipoziba ufa utajenga ukuta" hutajwa karibu katika kila mkutano mkuu unaojadili matengenezo ya mali za chama. Ni methali ya kweli, wala hapana mwanachama anayeipinga. Hata hivyo, haimsaidii sana Katibu anapoketi kuandaa makisio ya mapato na matumizi. Mbele yake kuna ghala lenye nyufa kumi, paa linalovuja mahali patatu, mashine ya kusaga inayotoa moshi, mizani ambayo wakulima wameanza kuitilia shaka, na kalvati inayotitia kwenye njia ya kituo cha kununulia mazao. Fedha zilizopo zatosha mambo mawili tu. Methali yatuamuru tuzibe ufa, lakini haituambii ni ufa upi.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi chama kinavyoweza kulijibu swali hilo kwa ushahidi, na kuonyesha kwa hesabu kwamba ushahidi huo una thamani ya fedha. Ushahidi ninaousema ni ule unaopatikana kwa kupima na kuandika: saa ambazo mashine imefanya kazi, lita za dizeli ilizokunywa, upana wa ufa, siku ambazo lori limekwama. Vyama vingi huona uandishi wa namna hiyo kuwa ni kazi ya kumridhisha mkaguzi. Huko ni kulidharau daftari. Daftari la matengenezo likitumika ipasavyo ni chombo cha kuokoa fedha za wanachama, nasi twaweza kukadiria ni fedha kiasi gani.

JINSI TUNAVYOAMUA SASA

Katika vyama vingi, uamuzi wa kutengeneza mali hufikiwa kwa mojawapo ya njia tatu.

Njia ya kwanza ni kungoja mpaka kitu kiharibike. Hii yaonekana kuwa rahisi kwa kuwa haidai fedha leo. Lakini mashine haichagui siku ya kufa. Huharibika inapofanya kazi nyingi kupita kawaida, yaani katikati ya msimu, wakati fundi ana kazi nyingi, spea ni adimu, na wanachama wamepanga foleni na magunia yao.

Njia ya pili ni kufuata kalenda: kila mwaka mashine hufunguliwa, na kila baada ya miaka kadhaa ghala hupigwa lipu upya, liwe lahitaji au halihitaji. Njia hii ni afadhali kuliko ya kwanza, lakini nayo ina hasara yake. Mwaka 1978, wahandisi wawili wa shirika la ndege la United la Marekani, F. Stanley Nowlan na Howard F. Heap, walitoa ripoti iliyoandaliwa kwa ajili ya Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo. Walichunguza jinsi sehemu mbalimbali za ndege zinavyoharibika, wakakuta kwamba ni kama sehemu 11 tu katika kila 100 ambazo zingefaidika kwa kuwekewa kikomo cha umri wa kubadilishwa. Hizo nyingine, kuzibadilisha kwa sababu ya umri peke yake hakukuzuia kuharibika. Hatuna ndege katika vyama vyetu, lakini fundzo ni lile lile: umri wa kitu si kipimo cha uzima wake. Tena, mashine nzima iliyofunguliwa bila sababu yaweza kufungwa vibaya.

Njia ya tatu ni ya sauti. Jambo linalosemwa kwa nguvu zaidi mkutanoni ndilo linalopewa fedha. Mlango wa ofisi hupakwa rangi kwa sababu kila mwanachama anauona, na boriti inayoliwa na mchwa juu ya dari huachwa kwa sababu hakuna aliyepanda kuitazama.

Wako makatibu wanaodhani kwamba hesabu ya uchakavu iliyomo katika mizania ya chama yatosha kuwaongoza. La hasha. Uchakavu wa kwenye vitabu ni kanuni ya uhasibu ya kugawa gharama ya mali kwa miaka. Mashine iliyokwisha thamani vitabuni yaweza kuwa yasaga vizuri kuliko ile iliyonunuliwa mwaka juzi. Vitabu vya hesabu hueleza kilichobaki cha bei ya ununuzi, na hali ya chuma chenyewe hueleza chuma kikipimwa.

UFA ULIOLALA NA UFA UNAOTEMBEA

Tuanze na ghala. Nyufa kumi za ukutani hazilingani, ingawa kwa macho zaweza kufanana. Uko ufa uliotokea nyumba ilipokuwa ikitulia, kisha ukalala. Uko ufa unaofunguka na kufumba kwa majira. Na uko ufa unaotembea upande mmoja tu, mwaka hata mwaka, kwa sababu msingi unashuka.

Kuzitenganisha nyufa hizi hakuhitaji mtambo. Chukua kipande chembamba cha kioo, ukibandike kwa saruji juu ya ufa, upande mmoja ukishike ukuta wa kulia na wa pili ukuta wa kushoto, kisha andika tarehe kando yake. Kioo hakinyumbuki, ukuta ukisogea hata kidogo kitapasuka. Aidha, weka alama ya kalamu kwenye ncha mbili za ufa pamoja na tarehe, ili ijulikane kama unarefuka, na pima upana wake kwa rula mahali pale pale kila mara. Vipimo vichukuliwe mwishoni mwa masika na mwishoni mwa kiangazi. Jambo hili ni la lazima hasa katika maghala yaliyojengwa juu ya udongo mweusi wa mbuga, kwa kuwa udongo huo huvimba kwa maji na kusinyaa kwa jua, nao hunyanyua na kushusha kuta kila mwaka.

Baada ya mwaka mmoja, daftari litatoa majibu matatu yenye gharama tatu tofauti. Ufa uliolala wazibwa kwa lipu ya kawaida, na waweza kungoja. Ufa unaofunguka na kufumba haufai kuzibwa kwa saruji peke yake, maana utapasuka tena msimu ujao na fedha zitakuwa zimepotea. Dawa yake ni kuelekeza maji ya paa na ya mvua mbali na msingi kwa mfereji na mtaro. Ufa unaotembea upande mmoja hauwezi kungoja. Aitwe mhandisi wa majengo kabla shehena ya msimu haijapangwa kando ya ukuta huo.

Tazama jambo lililotendeka hapo. Kioo na kalamu havikuziba ufa wowote. Lakini vimeiwezesha Bodi kutotumia fedha mahali pasipohitaji, kutumia dawa nyingine mahali ambapo dawa ya kwanza isingefaa, na kuwahi mahali penye hatari. Katika tofauti ya maamuzi hayo ndimo ilimo thamani ya kipimo.

HESABU YA THAMANI YA HABARI

Sasa tuifanye hesabu yenyewe. Takwimu zifuatazo ni za mfano tu. Kila chama kiweke zake.

Tuchukue vyama 10 vya muungano mmoja, kila kimoja kina mashine ya dizeli ya kusaga nafaka. Kabla ya msimu, kila Bodi yajiuliza kama mashine ifanyiwe matengenezo makubwa. Matengenezo hayo yagharimu shilingi 900,000. Mashine mbovu ikiachwa, itakufa katikati ya msimu, na hasara yote, yaani spea, fundi, gari la kumfuata, na ada za usagaji zilizokosekana kwa majuma kadhaa, itafikia shilingi 4,000,000. Tuseme kwamba katika mashine hizo 10, tatu zina ugonjwa ndani na saba ni nzima, ila hapana anayejua ni zipi.

Vyama vyote visipotengeneza, mashine tatu zitakufa. Hasara ni 3 mara 4,000,000, yaani shilingi 12,000,000.

Vyama vyote vikitengeneza, hakuna mashine itakayokufa, lakini gharama ni 10 mara 900,000, yaani shilingi 9,000,000. Bila habari yoyote, huu ndio uamuzi bora zaidi.

Sasa tuseme kila chama kinalo daftari linaloonyesha bila kosa ni mashine ipi mbovu. Zitatengenezwa tatu tu, kwa shilingi 2,700,000. Vyama vyote kumi kwa pamoja vimeokoa shilingi 6,300,000.

Msomaji mwenye busara atauliza: ni daftari gani lisilokosea? Naam, halipo. Basi tuseme daftari letu hugundua mashine mbovu mbili katika tatu, na kwamba huishitaki bure mashine nzima moja. Zitatengenezwa mashine tatu kwa shilingi 2,700,000, na moja mbovu iliyofichika itakufa kwa hasara ya shilingi 4,000,000. Jumla ni shilingi 6,700,000. Hata kwa daftari hilo lenye kasoro, vyama vimepunguza gharama kutoka 9,000,000, tofauti ikiwa shilingi 2,300,000, au 230,000 kwa kila chama.

Tuondoe na gharama ya daftari lenyewe. Tuseme kijitabu, kipimo cha dizeli na posho ndogo ya anayeandika ni shilingi 40,000 kwa chama kwa msimu. Kwa vyama 10 ni shilingi 400,000. Faida inayobaki ni shilingi 1,900,000, yaani 190,000 kwa kila chama.

Hesabu hii yatufundisha mambo mawili. La kwanza, habari haihitaji kuwa kamilifu ili iwe na faida. La pili, ina kikomo cha bei. Mtu akija na chombo cha kupimia kisichozidi daftari letu kwa usahihi, akadai shilingi 300,000 kwa msimu kwa kila chama, asikubaliwe, hata chombo chake kiwe kinang'aa namna gani, kwa kuwa habari hiyo thamani yake haizidi 230,000.

MASHINE HUSEMA KABLA YA KUFA

Ni ishara zipi basi ziandikwe? Kwa mashine ya kusaga, kipimo kimoja rahisi ni lita za dizeli kwa kila gunia lililosagwa. Katika miezi ya kwanza baada ya matengenezo, Katibu atapata wastani wa mashine yake mwenyewe. Kwa mfano, ikiwa magunia 100 yamesagwa kwa lita 120, wastani ni lita 1.2 kwa gunia. Bodi yaweza kukubaliana kwamba wastani huo ukipanda kwa sehemu moja ya tano, yaani kufikia lita 1.44, fundi aitwe. Kupanda huko kwaweza kutokana na vinyundo vilivyolika, mkanda uliolegea, chujio la hewa lililoziba, au nozeli iliyochoka. Kwaweza pia kutokana na dizeli inayopotea njiani kati ya pipa na tangi. Mkaguzi hukutana na sababu hii ya mwisho mara nyingi kuliko inavyodhaniwa, na daftari huifichua bila kumtukana mtu.

Oili iandikwe kila inapoongezwa. Mashine inayoongezwa oili zaidi na zaidi, huku moshi wake ukiwa wa buluu, inaichoma oili ndani ya silinda, na mara nyingi ringi za pistoni ndizo zimechakaa. Moshi mweusi ni dalili ya dizeli nyingi kuliko hewa: kuna mzigo mkubwa mno, au hewa haipiti vizuri. Rangi ya moshi ni habari isiyo na gharama, mradi iandikwe pamoja na tarehe.

Kadhalika mizani. Sheria yataka mizani ya biashara ihakikiwe na Wakala wa Vipimo kila mwaka, na jambo hilo halina mjadala. Lakini mizani yaweza kupotoka siku ya pili baada ya kupigwa muhuri. Mizani inayopunja nusu kilo katika kila kilo 50 imepunja sehemu moja katika mia. Chama kinachokusanya kilo 300,000 za mazao kwa mizani hiyo kimewapunja wakulima wake kilo 3,000, hata kama karani ni mwaminifu kabisa. Dawa ni kuwa na jiwe la majaribio lenye uzito unaojulikana, likapimwa kila asubuhi kabla ya mkulima wa kwanza, mbele ya wanachama wawili, na matokeo yakaandikwa. Mizani ikipimwa kwa mwaka mara moja, kosa laweza kuishi msimu mzima. Ikipimwa kila asubuhi, haliishi zaidi ya siku moja, na daftari litaonyesha ni wakulima gani walioathirika ili walipwe haki yao. Hapa kipimo huokoa kilo, na zaidi ya kilo huokoa imani ya wanachama, ambayo ikipotea mazao huanza kwenda usiku kwa walanguzi.

HABARI ISIYOBADILI UAMUZI

Kwa kuwa nimesifu vipimo, ni haki nieleze pia mahali ambapo havina faida.

Kwanza, kazi ndogo za kawaida zisingojee vipimo. Tuseme chujio la oili lauzwa shilingi 30,000, na likiachwa laweza kuleta hasara ile ile ya shilingi 4,000,000. Kwa vyama vyetu 10, kubadilisha machujio yote ni shilingi 300,000. Hata tungejua kwa yakini ni mashine tatu zipi zenye chujio bovu, tungetumia 90,000 na kuokoa 210,000 tu, yaani 21,000 kwa kila chama. Kipimo cha shilingi 40,000 kitakuwa kimegharimu kuliko kinachookoa. Chujio, oili, grisi na kusafisha mifereji ya paa vifanywe kwa kalenda bila majadiliano. Vipimo viwekwe mahali ambapo matengenezo ni ghali, kuharibika ni ghali zaidi, na hali ya kitu haijulikani.

Pili, kipimo kisichoweza kuuona ugonjwa hakitoi kinga. Nchini Marekani, tarehe 15 Desemba 1967, daraja lililoitwa Silver Bridge kati ya majimbo ya West Virginia na Ohio lilianguka likiwa limejaa magari, na watu 46 wakafa. Daraja hilo lilijengwa mwaka 1928. Chanzo kilikuwa ufa mdogo katika kiungo kimoja cha chuma, wenye kina cha milimita 2.5 hivi, uliokuwa mahali ambapo mkaguzi asingeweza kuuona bila kukifungua kiungo chenyewe. Msiba huo ndio ulioifanya nchi hiyo iweke kanuni za kitaifa za ukaguzi wa madaraja, zilizoanza kutumika mwaka 1971. Kwetu, maana yake ni kwamba kuzunguka ghala kila mwezi na kuandika "hali ni nzuri" bila kupanda darini si ukaguzi. Mchwa hawaliwi na wino.

Tatu, habari inayoonekana lakini haimfikishi mtu kwenye hatua yoyote ni karatasi tu. Tarehe 1 Agosti 2007, daraja jingine la nchi hiyo hiyo, katika mji wa Minneapolis, lilianguka na kuua watu 13. Wachunguzi walikuta kwamba mabamba ya chuma yaliyounganisha mihimili yalikuwa membamba mno tangu usanifu wake, na kwamba siku ile vifaa vizito vya ujenzi vilikuwa vimerundikwa juu ya daraja. Daraja hilo lilikuwa likikaguliwa kila mwaka. Picha zilizopigwa mwaka 1999 na mwaka 2003 zilionyesha baadhi ya mabamba hayo yakiwa yamepinda. Wachunguzi hawakusema kwamba kupinda ndicho chanzo. Lakini bamba lililopinda ni swali, na swali hilo halikuulizwa. Picha zilikaa katika majalada.

Ndugu Makatibu, katika majalada ya vyama vyetu nako mna picha za namna hiyo: ripoti ya fundi ya miaka mitatu iliyopita, barua ya karani wa ghala kuhusu boriti, maoni ya mkaguzi yaliyojibiwa kwa maneno "yamezingatiwa". Gharama ya kuipata habari imekwisha kulipwa. Faida yake ndiyo haijachukuliwa.

BARABARA NA KALVATI

Barabara si mali ya chama, lakini gharama yake hulipwa na wanachama kupitia nauli ya lori na mazao yaliyolowa. Katika Ripoti ya Maendeleo ya Dunia ya mwaka 1994, Benki ya Dunia ilieleza kwamba kama nchi za Afrika zingetumia dola bilioni 12 kwa matengenezo ya wakati katika miaka kumi iliyotangulia, zingeepuka gharama ya dola bilioni 45 za kujenga barabara upya. Maana yake, kila dola moja iliyokosekana kwa wakati wake ilizaa deni la karibu dola nne. Sababu yake twaijua sote vijijini: maji. Mtaro ukiziba maji hupita juu ya barabara, kalvati hubomoka, na kazi iliyokuwa ya majembe na koleo hugeuka kuwa kazi ya greda na saruji.

Katika Tanzania, Mfuko wa Barabara uliundwa kwa sheria mwaka 1998, na tangu mwaka 2017 barabara za wilaya na vijiji ziko chini ya TARURA. Fedha za matengenezo hazitoshi barabara zote, na kwa hiyo wahandisi nao hulazimika kuchagua. Chama kinachoandika "barabara yetu ni mbovu sana, tunaomba msaada" kimeandika barua inayofanana na mamia ya barua nyingine. Lakini chama kinachoweza kuonyesha, kwa mfano, kwamba kati ya Machi na Mei lori lilikwama siku 17, kwamba siku 14 kati ya hizo ni mahali pale pale penye kalvati moja, na kwamba magunia kadha wa kadha yalilala nje, kimempa mhandisi jambo la kuamulia. Huenda ikaonekana kwamba haihitajiki greda ya kilomita 12, bali kalvati moja na mtaro wa mita 200. Ombi dogo lenye ushahidi hupitishwa upesi kuliko ombi kubwa lenye manung'uniko.

JINSI YA KUFUNGUA DAFTARI

Napendekeza kila chama kifuate utaratibu huu.

1. Orodhesheni mali za chama, kisha chagueni tatu au nne tu ambazo kuharibika kwake kutaumiza zaidi. Daftari la mambo ishirini halijazwi. La mambo manne hujazwa.

2. Kwa kila mali, chagueni kipimo kimoja au viwili ambavyo karani aweza kuvichukua bila fundi: lita kwa gunia, oili iliyoongezwa, upana wa ufa, uzito wa jiwe la majaribio, siku za lori kukwama.

3. Kubalianeni mapema, na kuandika katika kumbukumbu za Bodi, kiwango ambacho kikifikiwa hatua itachukuliwa, na ni hatua gani. Kiwango kinachopangwa baada ya tatizo kutokea huzaa ubishi.

4. Chora safu hizi: tarehe, kipimo, dalili nyingine, jina la aliyepima, na safu ya mwisho iitwayo UAMUZI. Safu hiyo isiachwe tupu. Hata uamuzi wa kungoja uandikwe, pamoja na tarehe ya kutazama tena.

5. Andikeni gharama halisi ya kila uharibifu: spea, fundi, usafiri, na mapato yaliyokosekana. Bila takwimu hizi hesabu niliyoonyesha hapo juu haiwezi kufanywa, na Bodi itabaki kubahatisha.

6. Taarifa ya mitambo na majengo iwe ajenda ya Bodi kila robo mwaka, na isomwe kabla makisio hayajapelekwa kwenye Mkutano Mkuu.

7. Kila mwisho wa mwaka, jiulizeni: katika vipimo hivi, ni kipi kilichobadili uamuzi wowote? Kisichobadili kitu kwa miaka miwili mfululizo kiachwe, isipokuwa kile kinacholinda uhai wa watu au kinachotakiwa na sheria.

Sharti hilo la mwisho nataka lieleweke vema. Hesabu ya shilingi ina mipaka. Ukuta unaoweza kuwaangukia wapagazi, waya wa umeme uliochubuka, au mkanda wa mashine usio na kinga haupimwi kwa faida na hasara. Huo hutengenezwa kwanza, kisha ndipo daftari hufunguliwa.

Vyama vya msingi vikifanya hivi kwa miaka michache, muungano nao utafaidika kwa namna ambayo chama kimoja hakiwezi. Chama kimoja kina mashine moja, na mashine moja haifundishi mengi. Madaftari ya vyama kumi yakiwekwa pamoja, itaonekana ni aina gani ya mashine hufa mapema, ni fundi gani kazi yake hudumu, na ni spea zipi zinunuliwe kwa wingi kabla ya msimu kwa bei nafuu. Kwa sababu hiyo, makatibu wanaombwa kuleta nakala za madaftari yao pamoja na hesabu za mwaka.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Mwenye daftari naye aweza kufilisika kama halisomi. Kwa hiyo makisio ya mwaka ujao yatakapoletwa kwa ukaguzi, kila fungu la matengenezo liambatane na ukurasa wa daftari unaoonyesha kwa nini ufa huo umetangulizwa mbele ya nyufa nyingine.

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika